Mji umesimama? Umesimama wapi?

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka kumi na tisa bila kukuandikia hata mstari mmoja. Kilichonitoa kimyani ni ile habari yenu ya wiki iliyopita kwamba mji umesimama tena baada ya mafuriko, na picha ya diwani wetu akikata utepe. Mimi Jumanne niliukuta mji huo umelala, nikalala juu yake.

Ilikuwa saa mbili usiku, natoka kazini. Tangu mafuriko taa za barabara yetu haziwaki, na mvua kidogo tu inaifunika njia kwa maji meusi. Nikakanyaga palepale nilipokanyaga jana yake na juzi yake. Mguu haukukuta kitu. Nilizama hadi pajani ndani ya chemba isiyo na mfuniko, na kama si mkoba wangu kukwama ukingoni ningekwenda mzima. Mifuniko mingine iling'olewa na maji yenyewe usiku ule, yalipopanda kwa nguvu kutoka kwenye mabomba. Iliyobaki imeishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na hakuna asiyejua. Asubuhi nikaenda nikichechemea idara ya majitaka. Wakasema chemba ni yao, ila mfuniko, kwa kuwa uko usawa wa lami, ni wa watu wa barabara. Watu wa barabara wakaniuliza kama shimo hilo limo kwenye ramani ya ukarabati. Sasa mimi nitajuaje? Nilikuwa ndani yake, sikuona ramani humo! Wakanielekeza kwa diwani. Hapo kijana mmoja akanipa fomu ya waathirika nijaze nilichopoteza "siku ya tukio", na tukio wanalolitambua ni mafuriko peke yake. Aliyeumia miezi kumi na minne baadaye hana pa kuandika. (Sikuvunjika, namshukuru Mungu. Nyuzi saba.) Jirani yangu amechomeka tawi la mti ndani ya shimo watu walione. Huo ndio ukarabati wote uliofika njia panda yetu.

Na hizo ramani zenyewe! New Orleans, kule Marekani, baada ya kimbunga Katrina cha 2005 kuzamisha asilimia 80 ya mji, wakazi walifungua gazeti Januari 2006 wakakuta vidoa vya kijani juu ya mitaa yao: walikokuwa wakiishi wao, wakubwa walikuwa wanapendekeza bustani. Wakaja juu. Angalau wao walikuwa na kidoa cha kugombana nacho. Ya kwetu tunaambiwa iko kwenye kompyuta ya mshauri. Huku nyumba zilizohamwa ziko wazi, milango imeng'olewa, vibaka wanaingia na kutoka kama kwao, na kituo cha polisi kilichohamishwa "kwa muda" hakijarudi.

Taa moja tu inawaka pale njia panda: inayomulika bango la diwani, na ina jenereta lake. Naomba igeuzwe imulike chini, upande wa kushoto. Bango likibaki gizani si neno, sura tunaijua. Na kikao kijacho cha baraza kifanyike njia panda yetu, saa mbili usiku, mvua ikinyesha, waheshimiwa waje kwa miguu. Wakikiona kiatu changu, ni cheusi, cha kulia, namba 38.

Msomaji wako wa siku nyingi