Sudoku yenye majibu mawili isichapwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wapenzi wa Sudoku. Fumbo hili linapendwa kwa sababu moja kubwa: halitaki kubahatisha. Tarakimu 1 hadi 9 zinapangwa katika vyumba 81, pasiwe na inayojirudia katika mstari wa mlalo, wa wima, wala ndani ya kisanduku cha vyumba tisa. Hakuna kujumlisha wala msamiati wa kujua, hivyo mtoto wa darasa la nne na bibi yake wanaweza kulikalia pamoja. Kila tarakimu unayoandika, unaweza kuitetea kwa hoja.

Ladha hiyo hupotea fumbo likiwa na majibu zaidi ya moja, na mafumbo ya namna hiyo hupenya magazetini. Anayeumia zaidi ni anayejifunza. Atafuata hoja zote sawasawa, atakwama, atadhani akili yake ndiyo fupi, kumbe fumbo ndilo bovu. Akibahatisha anaweza kupata jibu halali kabisa, lakini kesho yake akililinganisha na la gazeti atajiona amekosa.

Ziko kasoro zinazoonekana kwa macho kabla ya kuchapa. Tarakimu zilizotolewa zikipungua 17, fumbo lirudishwe kwa mtunzi. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa University College Dublin, Ireland, walionyesha kwa kompyuta kwamba 16 hazitoshi kamwe kuleta jibu moja tu. Kati ya tarakimu tisa, nane angalau zionekane. Kama 4 na 9 zote hazimo, kila penye 4 mtu ataweka 9 na penye 9 ataweka 4, na bado atakuwa sahihi. Tena mistari miwili ya mlalo inayopita visanduku vilevile isiachwe mitupu yote miwili, maana inaweza kubadilishana nafasi bila kuvunja sheria yoyote. Ya wima vivyo hivyo.

Wingi wa tarakimu nao si kinga. Angalia mistari ya 1 na ya 2 ya mlalo inapokutana na ya 1 na ya 4 ya wima. Ikiwa jibu la vyumba hivyo vinne ni 3 na 7 juu, 7 na 3 chini, na vyote vimeachwa wazi, fumbo lina majibu mawili hata kama vyumba vingine 77 vimejazwa. Hapo itumike programu ya kompyuta, lakini si ile inayosimama ikipata jibu la kwanza. Inayofaa huendelea kutafuta la pili mpaka ihakikishe kwamba halipo, kazi isiyomaliza hata sekunde moja. Ukaguzi ufanywe kwenye ukurasa uliokwisha kupangwa, kwa sababu tarakimu moja ikipigwa vibaya fumbo zima huweza kukosa jibu.

Ombi la mwisho ni ukubwa: kila chumba kiwe na upana wa milimita 8 angalau. Mtatuzi huandika kwa penseli, pembeni mwa chumba, tarakimu zinazowezekana. Akiona vyumba viwili vya mstari mmoja vimebakiwa na 2 na 6 tu, huzifuta hizo katika vyumba vingine vyote vya mstari huo, na mara nyingi hapo ndipo fumbo gumu hufunguka. Chumba kikiwa kidogo, alama hizo hazisomeki.

Msomaji wako,
Morogoro