Njia zitobolewe kabla ya bikoni

Mhariri,

Kariakoo ilipimwa kwa mistari: mtaa ukifungwa, unapita wa pili. Goba na Madale, pembezoni mwa jiji, mambo ni mengine. Mwenye shamba hukata viwanja, huacha njia inayoishia mpakani, na jirani naye vivyo hivyo. Nyumba zinazopeana mgongo hutenganishwa na mzunguko mrefu, na magari yote humwagika kwenye barabara chache kubwa.

Kipimo cha jinsi njia zinavyoungana ni rahisi. Hesabu vipande vya njia (kutoka makutano hadi makutano au ncha), gawanya kwa idadi ya makutano pamoja na ncha zilizofungwa; jibu likiwa kubwa, njia mbadala ni nyingi. Makutano 16 ya mraba, 4 kwa 4, yana vipande 24, yaani 1.5. Pointi 16 zilizochipuka kama matawi ya mti zina vipande 15 tu, haifiki hata 1. Mvua ikikata kimoja, wote walio ndani wamekwama.

Kupanua lami hakuondoi hilo. Kamati za urasimishaji wa makazi zidai upenyo kwenye kila mpaka wa mashamba kabla bikoni (alama za mipaka ya viwanja) hazijasimikwa, hata wa mita 3 kwa waenda kwa miguu na bodaboda (zimamoto haitapita kwa raha, tukubali). Ukuta ukishajengwa, upenyo huohuo unadai fidia.

Msomaji,
Dar es Salaam