Sehemu ya saba imeharibikia kwenye mizani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie ile tamthilia ya wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, yaani huku kwetu Mwanza na jirani zake enzi za ukoloni, miaka ya 1950, inayorushwa Jumapili usiku. Tangu sehemu ya saba ionyeshwe, kuanzia Kirumba hadi Igoma gumzo ni moja: wamechemka. Kuna wanaosema mwigizaji mkuu amepwaya, kuna wanaosema hadithi imepoa, na wapo wanaotaka mwandishi abadilishwe kabla msimu haujaisha. Kwamba sehemu ile ni dhaifu, sibishi. Ninachokataa ni waigizaji kubebeshwa lawama. Yule mama na mwanawe wameigiza vizuri kuliko sehemu zote sita zilizotangulia. Kilichowaangusha ni zile dakika chache za kituo cha kununulia pamba, pale kwenye mizani.

Hadithi nzima imejengwa juu ya jambo moja: mkulima anaibiwa, anajua kuwa anaibiwa, lakini hana namna ya kuthibitisha. Hasira hiyo ndiyo iliyowafanya wakulima wa kweli, mwanzoni mwa miaka ya 1950, waweke wapimaji wao wenyewe vituoni, na ndiyo iliyokuja kuzaa muungano wa vyama vya ushirika, Victoria Federation, mwaka 1955 chini ya Paul Bomani. Sehemu ya saba ndipo mtazamaji alipopaswa kuuona wizi wenyewe kwa macho yake. Badala yake tumeonyeshwa gunia likining'inizwa, mshale ukisimama kwenye kilo 50, mnunuzi akiandika, mama akilia. Analia nini? Hakuna aliyeona kilichofanyika. Mtu akilia na chanzo hakionekani, watazamaji watasema amezidisha, na ndivyo walivyosema.

Tena kilo zenyewe hazikuwa kipimo cha pale. Mwaka 1954, ambapo hadithi imewekwa, pamba ilipimwa kwa ratili (ratili moja ni karibu nusu kilo), na bei ilitajwa kwa senti kwa ratili. Kilo zilikuja rasmi baada ya uhuru.

Wizi wa mizani una hatua zake, na kila hatua inapigika picha. Chukua mizani ya jukwaa, ile yenye mkono wa chuma na jiwe linalotelezeshwa juu yake. Kabla gunia halijapanda, jukwaa likiwa tupu na jiwe likiwa kwenye sifuri, mkono unatakiwa uelee katikati. Mnunuzi mwizi hairuhusu hatua hiyo ionekane. Ameshauchezea uzito wa nyuma, ule unaousawazisha mkono, tangu alfajiri, mkono umelala chini, na ratili mbili tatu za kwanza za kila mkulima zinaishia kuunyanyua mkono tu bila kuhesabiwa. Gunia likipanda, mkono unaruka na kugonga juu. Mpimaji mwaminifu atalisogeza jiwe taratibu mpaka mkono ushuke na kuelea. Mwizi atalisogeza kidogo, atasoma mkono ukiwa bado umegonga juu, kisha atalirudisha jiwe sifuri kwa kofi moja kabla mwenye gunia hajainama kuangalia.

Baada ya hapo inakuja hesabu ya gunia lenyewe. Gunia tupu la juti lina uzito wa karibu ratili mbili na robo. Mnunuzi akikata nne, kila gunia limepoteza ratili moja na robo tatu, na mwenye magunia kumi ameacha pale ratili 17 na nusu bila mtu kumgusa. Halafu namba inashushwa: mizani imesema 87, daftari linaandikwa 85. Yule mtoto wa kwenye hadithi anasoma shule, anajua kujumlisha na kutoa. Kamera ingekaa usoni mwake anapoiona 87 kwenye mkono na 85 kwenye karatasi, kisha akamtazama mama yake ambaye hajui kusoma, kilio cha mama kingemkuta kila mtazamaji ameshakasirika tayari. Hapo asingetokea wa kusema dada yule anayeigiza mama amepwaya.

Mwandishi ameliacha pia jambo la safi na fifi, na hapo ndipo penye utamu. Pamba huchambuliwa nyumbani juu ya mkeka kabla ya kupelekwa sokoni: nyeupe isiyo na majani inawekwa kwenye safi, iliyochafuliwa na wadudu ikageuka rangi ya njano inawekwa kwenye fifi, na bei ya fifi iko chini sana. Mnunuzi anazamisha mkono hadi chini ya gunia, anaibuka na konzi moja yenye doa, anatangaza gunia zima ni fifi. Anailipia bei ya fifi, na jioni anaimwaga kwenye rundo la safi. Tukio hilo halihitaji hata neno moja la mazungumzo.

Kwa haki ya pande zote, wapo wakulima waliorashia pamba maji au kuficha mchanga na jiwe katikati ya gunia ili uzito uongezeke. Tamthilia inawaonyesha wakulima wote kama watu wasio na doa, na hilo nalo limechangia kuipooza. Mkulima mmoja mwenye jiwe ndani ya gunia angempa mnunuzi sababu ya kujitetea, na ugomvi ungekuwa na uzito.

Nije kwenye makosa ambayo mashabiki wamekuwa wakiyarushiana mitandaoni kwa picha. Mengi wameyaona sawasawa, ila hayalingani. Viwe vya kusamehewa vitu kama Hospitali ya Bugando kuonekana kilimani kwa sekunde mbili, ingawa ilifunguliwa mwaka 1971, au taa nyeupe za sola za wavuvi wa dagaa kwenye upeo wa ziwa usiku. Kina cha maji nacho wasilaumiwe: mvua za 1961 na miaka iliyofuata ziliinua ziwa kwa zaidi ya meta mbili, kwa hiyo hakuna mwalo wa leo unaofanana kabisa na wa 1954. Meli iliyotajwa kuwa ni Victoria ilianza kazi mwaka 1961, lakini hilo linarekebishika chumba cha sauti kwa kubadilisha neno moja.

Yasiyosameheka ni yale yaliyo mbele kabisa ya kamera. Pamba ilibebwa kwenye mifuko ya sandarusi, inang'aa kwenye jua, wakati plastiki ile ilianza kuzalishwa kibiashara mwaka 1957 huko ng'ambo. Hata leo viwanda vya kuchambulia pamba vinaikataa sandarusi kwa kuwa nyuzi zake huchanganyika na pamba na hazishiki rangi, kwa hiyo mkulima yeyote wa Kwimba au Magu aliyetazama aliguna palepale. Mtumbwi ulipita katikati ya magugu maji, mmea ulioingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mezani wakala sangara, samaki aliyepandikizwa upande wa Uganda na Kenya miaka ya 1950 na 1960 na kujaa kwenye nyavu za Mwanza miaka ya 1980. Wangepika ngege, ningu, au hata kamongo.

Kurekebisha hayo hakuhitaji fedha nyingi. Magunia ya juti yapo, hasa ya kahawa, na yakigeuzwa ndani nje maandishi hayaonekani. Magugu maji yanahitaji saa tu: upepo wa mchana unaotoka ziwani huyasukuma ufukweni, kwa hiyo picha za mtumbwi zipigwe asubuhi mapema, tena mahali penye mawe, si kwenye ghuba ndogo yanakojikusanya.

Lakini msimu hauna njia ya mkato. Sehemu ya saba imechanganya maua ya pamba, uvunaji, na mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, ndani ya wiki moja. Mbegu hupandwa Novemba na Desemba, uvunaji huanza karibu na Mei, na ngoma hizo hushindana baada ya mavuno, Juni na Julai, mkulima akiwa na fedha mkononi na kazi imepungua. Wacheza bugobogobo, ngoma ya majembe, wenyewe walikuwa wazuri mno, majembe yakirushwa na kudakwa bila kukosea. Tukio hilo lihamishiwe baada ya malipo, litaeleza pia fedha ilikokwenda.

Kuna kionjo cha sehemu ya nane kinachoonyesha mkutano wa hadhara wa TANU, chama kilichodai uhuru, mjini Mwanza, mwaka 1956, bendera zikipepea. Hilo lizuiwe mapema. Serikali ya kikoloni iliyanyima usajili matawi ya TANU hapa Usukumani tangu mwishoni mwa 1954, na zuio halikuondolewa hadi 1958. Katika miaka hiyo siasa ilipitia kwenye vikao vya ushirika, ajenda ikiwa bei ya pamba na mizani. Watayarishaji wabaki na waigizaji walewale na hotuba ileile, wazitoe bendera, waweke mezani daftari la mpimaji, na mlangoni asimame karani wa bwana shauri, yule mkuu wa wilaya wa kikoloni, akiandika majina ya waliohudhuria.

Wako,
Mpenzi wa tamthilia za kihistoria,
Pasiansi, Mwanza