Mwenye nguo ndo huyohuyo mwenye serikali?

Mhariri, salamu. Makala yenu juu ya ukoo wa Zellweger wa mji wa Trogen, kule kwenye kanton (yaani jimbo) ya Appenzell Ausserrhoden nchini Uswisi, nimeisoma yote na imenifurahisha, ila mmewapamba mno jamani. Mmeandika biashara yao ya nguo za kitani, matawi ya Lyon na Genova, majumba ya mawe pale uwanjani, halafu mnatuambia "pia walikuwa viongozi" kama vile uongozi ulikuwa kazi ya jioni baada ya kufunga duka.

Ukweli ni kwamba vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja. Trogen ilipata ukaguzi wake wa kitani mwaka 1667, ili wasiende tena kugongewa mhuri mji jirani wa St. Gallen, na hapo mezani ndo jora la nguo lilikuwa linafunguliwa, linapimwa, linaangaliwa nyuzi, likipita linapata mhuri, likikataliwa basi mfumaji kazi ya wiki kadhaa imekwenda hivyo. Sasa fikiria, mnunuzi mkubwa ni Zellweger, na Landammann, yaani mkuu wa kanton, mara kibao ni Zellweger huyohuyo, ukiwa na malalamiko unampelekea nani?

Na huyo mfumaji hamkumgusa kabisa. Alikuwa anafumia chini ya nyumba, kwenye chumba chenye unyevu, makusudi, maana uzi wa kitani ukikauka unakatika, kwa hiyo mtu anakaa kwenye baridi na kidirisha kidogo usawa wa ardhi ili nguo ya tajiri itoke safi. Mke na watoto wako juu wanasokota. Hiyo ndo habari mi nilikuwa naitafuta kwenye makala.

Halafu mmeruka mgogoro wa 1732 na 1733, ambao kwangu ndo utamu wenyewe! Baada ya vita ya Toggenburg ya 1712, vita ya Waswisi wenyewe kwa wenyewe, viongozi walikubali kipengele kimoja cha mkataba wa Rorschach wa 1714 bila kuwauliza wananchi, mambo yakalala miaka karibu ishirini, kisha yakaibuliwa, na watu kwenye Landsgemeinde, ule mkutano wa wanaume wote huku wamevaa panga kiunoni, wakawang'oa Zellweger madarakani. Safi sana. Ila walioingia ni akina nani? Akina Wetter wa Herisau, mji mwingine wa kanton hiyohiyo, nao wafanyabiashara wa nguo vilevile, kwa hiyo mfumaji kule chini kabadilishiwa bosi tu. Na Zellweger wenyewe walirudi baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1800 Jakob Zellweger alikuwa Landammann.

Kwa hiyo naomba mtuletee sehemu ya pili, safari hii muanze na Herisau, na picha iwe ya chumba cha kufumia, majumba tumeshayaona.

Msomaji wenu wa siku zote