Tarehe ya mwisho ya kujiandikisha mbio iwe moja kwa wote

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumze na waandaaji wa mbio za barabarani hapa Tanga, na vilevile na sisi tunaozikimbia, juu ya jambo linalochukuliwa kuwa dogo mpaka asubuhi ya mbio inapofika: usajili wa watu wanaojitokeza baada ya muda kupita. Ninachoomba ni kwamba tarehe ya mwisho ikishatangazwa isisogezwe hata kwa siku moja, isivunjwe kwa ajili ya mtu yeyote, na wanaochelewa wawekewe njia yao iliyo wazi, yenye idadi na masharti yanayojulikana tangu siku ya kwanza ya usajili.

Nayasema haya kwa kuwa nazipenda mbio hizi. Inafurahisha kuona wake kwa waume wa Ngamiani, Makorora na Chumbageni wakifanya mazoezi alfajiri kuelekea Raskazone, wengine wakiwa watu wazima ambao hawakuwahi kushindana tangu walipomaliza shule. Nchi iliyomtoa Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989, na Alphonce Simbu, aliyetwaa medali ya dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia mjini Tokyo mwaka 2025, inastahili kuwa na mbio za mitaani zinazoandaliwa kwa umakini ule ule tunaoutarajia kwa wakimbiaji wenyewe.

Katika mbio moja zilizofanyika mkoani humu, ambazo sina haja ya kuzitaja, usajili uliendelea mpaka dakika chache kabla ya kuanza. Watu waliofika asubuhi ile na fedha mkononi walipewa namba na fulana pale pale, huku baadhi ya waliolipa wiki nyingi nyuma wakiambiwa kwamba saizi zao zimekwisha na wachukue zilizopo. Mbio zilichelewa kuanza kwa sababu foleni ya usajili ilikuwa bado ndefu, jua likapanda, na wale waliokuwa nyuma kabisa walikuta kituo cha mwisho cha maji kina maboksi matupu. Hakuna aliyepoteza maisha, na ninamshukuru Mungu kwa hilo, lakini nilimwona mama mmoja mtu mzima ameketi ukingoni mwa barabara akiomba maji kwa wapita njia, ilhali alikuwa amelipa ada yake mapema kama tangazo lilivyomtaka.

Suala la maji ndilo linalonifanya niandike kwa uchungu. Kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, zinataka maji yapatikane mahali pa kuanzia na pa kumalizia mbio zote, na kwa mbio zinazozidi kilomita 10 kuwe na vituo vya viburudisho takriban kila kilomita 5. Tuchukue nusu marathoni, ambayo ni kilomita 21.1: hivyo ni vituo vinne njiani na kimoja mwishoni. Ikiwa waliojiandikisha ni 600 na kila mmoja anachukua chupa moja kila kituo, zinahitajika chupa 3,000. Waongeze watu 200 asubuhi ya siku yenyewe, na ghafla kuna upungufu wa chupa 1,000, yaani karibu katoni 42 za chupa 24, ambazo hakuna duka litakalozitoa saa kumi na mbili asubuhi siku ya Jumapili na hakuna gari lililopangwa kuzipeleka njiani. Tena upungufu huo haugawanywi sawasawa kwa wakimbiaji wote. Wanaokwenda kasi hupita vituoni mapema wakakuta kila kitu, na pengo lote humwangukia yule anayekwenda polepole, ambaye mara nyingi ndiye mzee, au mwenye mwili mzito, au anayekimbia kwa mara ya kwanza, na ndiye anayekaa juani muda mrefu kuliko wote.

Wanaodhani kwamba natia chumvi wakumbuke yaliyotokea Chicago tarehe 7 Oktoba 2007. Waandaaji wa marathoni ile wana uzoefu wa miaka mingi na idadi ya wakimbiaji waliijua mapema, lakini joto lilipofika takriban nyuzi 31, wakimbiaji walilalamika kwamba baadhi ya vituo vimeishiwa maji, na mbio zikasimamishwa zikiwa katikati. Nyuzi 31 kwetu sisi wa pwani si jambo la ajabu, na huku kwetu unyevu wa bahari huzidisha uchovu kwa sababu jasho halikauki haraka. Ikiwa waliozijua hesabu zao walielemewa, sijui anayeongeza watu asubuhi ya mbio anategemea nini.

Liko pia suala la namba ya kifuani, ambayo watu wengi huiona kama pambo la picha. Namba ile ndiyo inayomwambia mhudumu wa afya kwamba aliyeanguka mbele yake ni nani, ana umri gani, na simu ipigwe kwa nani. Usajili unapofanywa kwa haraka kwenye meza iliyozungukwa na watu, karani huandika jina moja tu, simu ya ndugu inaachwa, na maelezo ya pumu au kisukari hayaulizwi. Mbaya zaidi ni pale mtu anapomwachia rafiki yake namba iliyosajiliwa kwa jina lake kwa sababu yeye amepata safari. Akianguka huyo rafiki njiani akapelekwa Hospitali ya Bombo, familia isiyohusika ndiyo itakayopigiwa simu ya kushtua, na mama mzazi wa mgonjwa hatajua lolote.

Najua jibu linalotolewa kila mara: kwamba watu wetu wamezoea kufanya mambo dakika za mwisho, na mwandaaji akifunga mlango atakosa washiriki na atamuudhi mfadhili. Sikubaliani na maelezo haya, kwa sababu yanamlaumu mshiriki kwa tabia aliyofundishwa na mwandaaji. Tarehe ikisogezwa mwaka huu kwa wiki moja, na mwaka ujao kwa wiki mbili, mtu mwenye akili atajifunza kwamba tarehe iliyotangazwa haina maana, na kwamba anayelipa mapema hapati chochote zaidi ya kukaa na wasiwasi kama fulana yake itakuwepo. Anayesubiri huyo anafuata kile anachokiona kinatendeka, na kitakapobadilika naye atabadilika.

Pamoja na hayo, wapo wanaochelewa kwa sababu za kweli, na hao ndio wanaonifanya nisiunge mkono kufunga tu na kunyamaza. Wengi wenye ajira hupata mishahara mwishoni mwa mwezi, kwa hiyo usajili unaofungwa tarehe 20 umewafungia wakiwa hawana kitu. Wavuvi wa dagaa wa Sahare na Deep Sea huvua kwa taa wakati wa giza la mwezi, na mbalamwezi inapong'aa mapato yao hushuka. Kijana wa bodaboda hupata fedha yake kidogo kidogo, na ada ya mbio ikidaiwa yote kwa mkupuo mmoja huiona kama mlima. Waandaaji wengi hupanga ratiba wakimfikiria mtu wa ofisini mwenye akiba benki, kisha hushangaa kwamba watu wa mwambao wamechelewa. Dirisha la usajili likiwa la siku 40 hivi, ndani yake kutakuwa na mwisho wa mwezi angalau mmoja na mzunguko mzima wa mwezi wa angani, na mwananchi akiruhusiwa kudunduliza ada kwa simu katika muda huo, sehemu kubwa ya uchelewaji itaisha yenyewe bila mtu kukemewa.

Dirisha hilo lifungwe wiki tatu kabla ya mbio. Muda huo si wa anasa, kwani fulana zinahitaji kuchapishwa kwa saizi zilizoagizwa, medali zinahitaji kufika, na askari wa usalama barabarani pamoja na wahudumu wa huduma ya kwanza wanahitaji kujua ukubwa wa msafara watakaoulinda. Ada iwe na ngazi mbili zilizotangazwa tangu mwanzo, ya chini kwa wanaolipa katika wiki za kwanza na ya juu kidogo kwa wanaofuata, ili aliyewahi aone kwamba kuwahi kwake kumethaminiwa.

Baada ya kufunga, yabaki majina ya orodha ya kusubiri, na kila anayeingia humo aelezwe waziwazi kwamba atapata nafasi pale tu mtu aliyesajiliwa atakapojiondoa kwa taarifa. Kila mwaka wako watu wanaougua, wanaosafiri au wanaofiwa, na kwa sasa nafasi zao hupotea au huuzwa mitaani. Wakipewa njia rahisi ya kujitoa na kurejeshewa sehemu ya ada, nafasi zile zitahamia kwa wanaosubiri kwa jina sahihi na simu sahihi ya ndugu. Anayeingia kwa njia hii asiahidiwe fulana ya saizi yake, na hilo alijue kabla hajalipa. Siku tatu kabla ya mbio orodha hiyo nayo ifungwe, na asubuhi ya mbio pasiwepo na meza ya usajili kabisa. Mwenye kutaka kukimbia na hakuwahi anaweza kuombwa asaidie kugawa maji, kazi ambayo haijawahi kuwa na watu wa kutosha.

Kuna watu wa aina moja ambao hawapaswi kuchanganywa na wanaochelewa, nao ni wale waliolipa kwa wakati lakini majina yao hayaonekani kwenye orodha. Hawa huteseka sana. Fedha imekatwa kwenye simu, ujumbe wa muamala upo, lakini karani anawaambia hawapo, na wanapangwa foleni moja na mtu ambaye hajalipa kabisa. Ujumbe wa muamala una namba ya kumbukumbu, tarehe na saa, na huo peke yake watosha kuamua. Iwekwe meza ya pembeni kwa ajili yao siku za kuchukua fulana, na akae hapo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua papo hapo, mwenye daftari la kuandika kila alichoamua na sababu yake, badala ya vijana wanaojitolea kuzungushwa huku na kule wakimtafuta bosi ambaye simu yake haipokelewi.

Nimesema mengi juu ya mshiriki mmoja mmoja, lakini uzito mkubwa wa uchelewaji hauko kwake. Uko kwa taasisi zinazoahidi kuleta watumishi 40 au 50, zikaleta majina siku mbili kabla ya mbio, nusu yake bila saizi za fulana, kisha zikapokelewa kwa heshima kwa sababu bango lao litatundikwa mahali pa kumalizia. Uko pia kwa simu za wakubwa. Ofisa fulani hupiga akaomba nafasi tano za wageni wake, zikapatikana, wakati mwuza samaki aliyefika nusu saa baada ya dirisha kufungwa amerudishwa nyumbani kwa maelezo kwamba utaratibu ni utaratibu. Kamati ya harusi inayojua kazi yake humtaka kila mtu kadi mlangoni, hata mjomba wa bwana harusi, kwa kuwa pilau imepikwa kwa hesabu ya kadi; na kamati ya mbio haina sababu ya kuwa dhaifu kuliko hiyo. Mfadhili anayehitaji nafasi za wageni atengewe idadi yake ndani ya mkataba, azijaze majina kabla ya tarehe ile ile inayomfunga mwananchi wa kawaida, na asipozijaza ziende kwa walio kwenye orodha ya kusubiri.

Nakiri kwamba mbio za kujifurahisha za kilomita 5 zinaweza kuwa na ulegevu kidogo, kwa kuwa hazipimwi muda, njia yake ni fupi na mara nyingi watoto huja na wazazi wao. Hata hizo nazo ziwe na kikomo cha idadi, kwa sababu barabara za katikati ya mji wetu zina upana wake.

Msimu mwingine wa mbio unakaribia, na matangazo yake yatabandikwa Mkwakwani, Tangamano na kwenye simu zetu. Ninawaomba waandaaji waandike katika tangazo la kwanza kabisa siku na saa ya kufunga usajili, idadi ya nafasi zilizotengwa kwa wafadhili, na mahali pa kupeleka lalamiko la malipo. Ninawaomba pia maofisa michezo wa Halmashauri ya Jiji, wanaposhirikishwa katika maandalizi, wadai kuyaona mambo hayo matatu yakiwa kwenye maandishi kabla barabara hazijafungwa kwa ajili ya mbio.

Mwalimu mstaafu na mkimbiaji,
Chumbageni, Tanga