Mlima wa Riat haungoji mfadhili

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika majuzi katika ukurasa huu kwamba mashindano ya baiskeli ya kupanda mlima hayawezi kufanyika upande huu wa nchi mpaka apatikane mfadhili mkubwa, baiskeli za kisasa na magari ya kusindikiza. Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Mamboleo, Kisumu, mlima wa Riat ukinitazama kila siku, na naomba nafasi nimjibu.

Mashindano ya aina hiyo yaliyodumu kuliko yote yako Uingereza. Klabu ya Catford, ya kusini-mashariki mwa London, iliyaanzisha mwaka 1887, yenyewe ikiwa changa. Hebu tuutazame mwaka huo kwa jicho la fundi. Dunlop alisajili tairi lake la upepo mwaka 1888. Maana yake wale wa kwanza walipanda kwa mpira mgumu usio na tyubu. Baiskeli yenye mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, kama hizi zetu, ilikuwa bado ngeni madukani. Starley aliitoa Rover yake, baiskeli ya namna hiyo, mwaka 1885. Kwa vyombo vile, kufika juu bila kushuka na kusukuma kulikuwa ushindi tosha.

Tangu 1935 wanapandia Yorks Hill, huko Kent. Ni kinjia cha mashambani kisichofika mita 700, ila kuna mahali ambapo kila ukisonga mita 4 umeinuka mita 1. Wanaachiliwa mmoja mmoja. Mtu ameshika kiti kwa nyuma, mwingine ana saa, mwingine ana kalamu. Hapo ndipo Phil Mason alipopanda mwaka 1983 kwa dakika 1 na sekunde 47.6. Kwangu hapa, muda huo ni wa kutafuta spana!

Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi wapandaji wa huko wanavyozinyoa baiskeli zao. Wanakata kipande cha usukani, wanang'oa kishikio cha chupa, wengine hutoboa vyuma matundu ili wapunguze gramu kidogo. Sisi tunafanya kinyume. Black Mamba, baiskeli yetu ya chuma ya kubebea mizigo, inatoka dukani nzito tayari, na mwenyewe anaongeza kariya ya chuma, stendi ya miguu miwili, madigadi, na mto wa abiria wenye shada za plastiki.

Na kwa baiskeli hizohizo watu waliupanda Riat wakiwa kazini. Asubuhi waliteremka kutoka Kiboswa na ndizi au makaa ya kupeleka soko la Kibuye, soli ya kiatu ndiyo breki. Jioni walirudi na mikate, kreti za soda, mabati. Wengi walisukuma, sikatai. Lakini wapo waliokataa kushuka, wakapanda wamesimama kwenye pedali hadi juu, na malipo yao yalikuwa kikombe cha chai cha kubishaniwa. Hakuna aliyewashikia saa.

Nikitaja milima, vijana hunitajia Chris Froome, mwendesha baiskeli mzaliwa wa Nairobi, aliyeshinda mbio za kupanda mlima Mont Ventoux katika Tour de France ya mwaka 2013. Sawa, lakini mimi huwatajia Zakayo Nderi, aliyekuwa mpiga viatu rangi, na Samwel Mwangi wa boda boda ya baiskeli. Mwaka 2008 walipelekwa Ufaransa kujaribu mlima wa Alpe d'Huez, kilomita 13.8 zenye kona 21, na Nderi akafika juu kwa dakika 42 na sekunde 10. Watu wa kazi za mikono, miaka ileile pikipiki zilipokuwa zikitufurusha sisi wa baiskeli stejini.

Sasa, barabara kuu ya Kakamega siombi ifungwe. Malori na matatu hayatakubali, na trafiki pia. Lakini ziko njia ndogo za kupanda Riat ambazo Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi hupitwa na wauza maziwa na waenda ibada ya kwanza tu. Ichaguliwe moja, ipimwe kwa kamba, ifungwe kwa saa mbili. Kaunti itoe ambulensi moja ikae juu, kwa sababu moyo wa mtu hupasukia kileleni, si mwanzoni. Mbio ziwe mbili: baiskeli za gia, na Black Mamba yenye kariya yake kamili, bila kung'oa hata nati. Akina mama wauzao samaki kwa baiskeli wasiwekwe pembeni. Baadhi yao watawaaibisha wanaume.

Breki za washiriki wote nitazikagua bure siku hiyo. Ila atakayekuja na breki ya soli ataruhusiwa kupanda tu. Kushuka, atembee.

Fundi wa baiskeli,
Mamboleo, Kisumu