Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: Si kila binti anayetapika ana mimba

Ndugu Mganga Mkuu,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya bweni ya wasichana hapa mkoani.

Mwanafunzi akitapika baada ya kula, kwanza tunampeleka kupimwa mimba. Akikutwa hana, anapimwa malaria, kisha anaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo. Mwaka jana binti wa kidato cha tatu alizungushwa hivyo muhula mzima, mpaka kwao wakaanza kutaja jini. Hakuna aliyemtazama mikono. Vifundo vya vidole vilikuwa na sugu, alama za meno ya mtu anayejitia vidole kooni kila siku.

Huo ni ugonjwa wa bulimia, wa kufakamia chakula kisha kujitapisha, ulioelezwa na Daktari Gerald Russell wa London mwaka 1979. Nduguye, anoreksia, ni wa kujinyima chakula hadi mapigo ya moyo yanashuka na hedhi inakatika. Wapo wanaosema ni maradhi ya Wazungu wenye shibe. Sikubali. Binti wa hapa akinenepa shangazi zake wanamsifu. Akifungua simu anaambiwa apunguze tumbo. Amsikilize nani? Na si maringo: kujitapisha mara kwa mara hushusha potasiamu mwilini, nayo ikishuka sana moyo unaweza kusimama.

Sehemu ya somo hili manesi wako wanaijua. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hawamshindilii chakula siku ya kwanza; wanaanza na maziwa mepesi ya tiba, F-75, akitengemaa ndipo wanampa yenye nguvu zaidi, F-100. Msichana aliyejinyima kwa miezi naye akilishwa kwa pupa, madini ya damu huvurugika na anaweza kufa.

Kinachokosekana ni tiba ya mazungumzo. Mwenye bulimia huandika kwenye daftari alichokula, saa ngapi, na moyoni alikuwaje kabla ya kujitapisha. Hujifunza kula kwa ratiba bila kuruka mlo, maana anayeshinda njaa makusudi ndiye anayekuja kufakamia usiku. Hukutana na mshauri kwa wiki 20 hivi. Kwa binti mwenye anoreksia, wazazi ndio hushika suala la chakula mwanzoni: mama anapakua, anakaa naye mpaka amalize, bila masimango wala kutafuta mchawi. Akipata nguvu, anarudishiwa uamuzi kidogo kidogo.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Washauri nasaha wa CTC, kliniki za matunzo na tiba kwa wenye VVU, wamezoea kutunza siri za watu. Wachache wafundishwe tiba hii, wapokee wanafunzi pale Hospitali ya Maweni siku moja kwa wiki. Matroni wa shule waelekezwe dalili. Na binti anayetapika, kabla hajapewa kikopo cha mkojo, aulizwe: "Unatapika tu, au unajitapisha?" Aulizwe faraghani, mwalimu aliyemleta akiwa nje, hata kama ni mimi.

Wako,
Mwalimu wa malezi, Kigoma